Mwongozo Kamili wa Kupanga na Kupiga Picha za Kisanaa Katika Nyumba ya Kale ya Ukoo: Nyumba za Mawe za Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa ili mtu asiione yote kwa mara moja. Kutoka mtaani mtu hupanda kwenye daka, yaani ukumbi wa nje mbele ya mlango, ambako wanaume huketi barazani na kuzungumza, kisha hupita mlangoni na kuingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hulazimika kugeuka kona kabla ya kukiona kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa. Kutoka kiwandani huingia msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini, halafu msana wa yuu, ukumbi wa juu yake kidogo, halafu chumba kiitwacho ndani, na kadiri anavyoendelea ndivyo sakafu inavyoinuka kidogo, mwanga unavyopungua na faragha inavyozidi. Anayetaka kupanga picha za kisanaa katika nyumba ya namna hiyo, hasa ikiwa ndiyo aliyozaliwa mama yake au aliyolelewa yeye mwenyewe, hana budi kuufuata mpangilio huo, kwa kuwa ndio uliobeba maisha anayotaka kuyaonyesha. Picha nyingi za nyumba hizi hushindwa kwa sababu mpigaji amezichukua kama ukuta mzuri wa kusimamisha mtu mbele yake.

Ninaandika nikiifikiria nyumba ya ukoo wetu iliyoko mtaa wa Mkomani, Lamu, lakini mengi yatamfaa pia mwenye nyumba Mombasa, Pate au Mji Mkongwe wa Unguja, ilmradi abadilishe majina ya vyumba na kuupima upya mwanga. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe, na jambo hilo lina maana yake katika hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Nyumba za ukoo aghalabu si mali ya mtu mmoja. Zimerithiwa na ndugu wengi, baadhi yao wakiwa Mombasa, Jeddah au Muscat, na nyingine ni wakfu. Zungumza na warithi wote unaoweza kuwapata, na uwaeleze mambo matatu bila kuzunguka: ni vyumba gani utakavyovipiga, ni nani atakayeonekana, na picha zitaonyeshwa wapi. Ruhusa ya picha zitakazokaa kwenye albamu ya familia si ruhusa ya kuzitundika kwenye maonyesho au kuzituma mtandaoni, hivyo omba kila moja peke yake. Ikiwa utahitaji kuondoa kitu kilichojengewa, kupaka rangi au kufungua sehemu iliyozibwa, nenda kwanza kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoko Lamu, kwa kuwa mji wa kale wote uko chini ya hifadhi. Kwa picha za biashara uliza pia katika serikali ya kaunti.

Ruhusa muhimu kuliko zote ni ya wanawake wanaoishi humo. Ndani na nyumba kati, chumba kilicho nyuma yake, vilikuwa vyumba vya wanawake, na katika familia nyingi nyumba kati ilihusiana na uzazi na pia na kuoshwa kwa maiti. Kuna familia ambazo hazitapenda chumba hicho kipigwe kabisa, na hapo mazungumzo yaishe kwa heshima. Mlango wake uliofungwa, ukipigwa kutoka msanani, unaweza kusema mengi kuliko chumba chenyewe.

Hatua ya pili: kukusanya kumbukumbu kabla ya kushika kamera

Keti na mzee wa nyumba, bibi au shangazi, mtembee chumba kwa chumba ikiwa ana nguvu za kutembea, na umwombe akuambie nani alilala wapi, kasha la mahari lilikaa upande gani, maji ya kuogea yalichotwa wapi, nani aliruhusiwa kuketi msanani na nani aliishia dakani. Usimwongoze. Ukimwuliza kama chumba hiki kilikuwa na furaha, atakujibu kuwa kilikuwa na furaha. Ukimwuliza asubuhi ilianzaje katika chumba hiki, atakupa picha nzima pamoja na sauti zake.

Baada ya hapo andika sentensi moja kwa kila picha unayotarajia, yenye mtu, mahali na kitendo, kwa mfano: “Bibi anamsuka mjukuu kwenye msana wa tini baada ya sala ya alasiri.” Sentensi isiyokuwa na kitendo, kama vile “uzuri wa nyumba yetu,” haipangiki, na ukiing’ang’ania utaishia kumwambia mtu asimame karibu na mlango na kutazama mbali. Sentensi sita au saba zinatosha kwa mfululizo mmoja. Zipange kwa mfuatano wa vyumba kutoka mtaani hadi ndani, ili mtazamaji wa picha aingie kama mgeni anavyoingia.

Hatua ya tatu: kuusoma mwanga wa nyumba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu zaidi. Kuta za nje za nyumba hizi zina madirisha machache sana upande wa mtaani, na karibu mwanga wote huingia kupitia kiwandani. Unashuka kutoka angani, unagonga sakafu na kuta zilizopakwa chokaa, unaruka kuingia msana wa tini, na kutoka huko unapenya milangoni hadi ndani. Kwa maneno mengine, nyumba nzima inaangazwa na mwanga uliokwisha kugonga ukuta mweupe, ndiyo maana nyuso za watu humo huwa laini hata adhuhuri.

Wapigapicha wengi wamefundishwa kulikimbia jua la mchana. Katika nyumba ya kiwanda mambo ni kinyume. Kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana jua huifikia sakafu ya kiwanda, nao huo ndio wakati misana inapopata mwanga mwingi na mpole zaidi. Asubuhi na mapema, wakati mtaani kuna mwanga wa dhahabu, ndani ya nyumba bado mna giza la buluu. Piga nje alfajiri ukipenda, lakini iachie misana saa za mchana.

Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu wima juu ya mji katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Siku hizo kiwanda chembamba chenye kuta ndefu hujaa jua hadi chini. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, hivyo huangaza ukuta wa kusini wa kiwanda, na mwezi Desemba huangaza ukuta wa kaskazini. Ikiwa una nafasi ya kuchagua, chagua Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa kaskazi, ambapo mvua ni chache na mbingu haina mawingu mengi. Masika epuka, si kwa sababu ya mvua tu, bali kwa sababu wingu zito hupunguza tofauti ya mwanga kati ya chumba na chumba, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Keti katika kila chumba mchana kutwa mmoja kabla ya siku ya kupiga. Weka karatasi nyeupe sakafuni, uitazame kila saa, na uandike mwanga unatoka upande gani na unakoma wapi. Kisha jaribu vipimo. Kiwandani penye jua, anza na ISO 100 (kiasi kamera inavyohisi mwanga), uwazi wa lenzi wa f/8 na kasi ya 1/250 ya sekunde. Msana wa tini, saa hiyo hiyo, utakutaka ISO 400, f/4 na 1/30 au karibu na hapo. Ndani, kwa ISO 400 na f/5.6, shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, itahitaji kubaki wazi kwa sekunde nzima au zaidi. Hivyo ni vianzio tu. Kila nyumba ina kina chake cha kiwanda na umri wake wa chokaa.

Kamera hudanganywa na chokaa. Ikiona ukuta mweupe umejaa kwenye fremu hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na ukuta ukatoka kijivu kama saruji. Ongeza mwanga kwa kiasi cha hatua moja (yaani maradufu) kuliko inavyopendekeza. Katika chumba cha ndani hufanya kinyume, yaani hutaka kuligeuza giza kuwa mchana, nawe uipunguzie. Chumba cha ndani kiache na giza lake. Mtu aliyekulia humo atakumbuka ubaridi wake kwa sababu picha ni nyeusi pembeni, na ukikiangaza kote utakuwa umekipiga chumba kingine.

Zima balbu zote. Mwanga wa balbu za nyumbani ni wa manjano au wa kijani ukilinganishwa na ule wa jua, na vikichanganyika kwenye ukuta mweupe hakuna marekebisho yatakayovitenganisha vizuri. Fleshi iliyo juu ya kamera iache mkobani. Ukihitaji mwanga zaidi ndani, mpe mtu kioo cha kawaida asimame kwenye jua la kiwandani, aurushe mwale hadi msana wa yuu, na mwingine mwenye shuka jeupe aliyesimama huko aupokee na kuumwaga ndani. Shuka hulainisha, kioo peke yake huchoma. Hakikisha mwale haupiti machoni mwa mtu yeyote.

Hatua ya nne: kamera katika chumba chembamba

Upana wa vyumba hivi uliamuliwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kubeba dari pana bila kupinda. Ndiyo sababu misana na ndani havizidi sana mita mbili na nusu hivi kwa upana, ingawa vinaweza kuwa virefu. Ukisimama ukutani ukamtazama mtu aliye ukuta wa pili, lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili itamkata miguu. Lenzi ya milimita 35, kamera ikiwa wima, itamweka mtu mzima kutoka umbali wa takriban mita mbili. Ya 24 inatosha kuonyesha chumba, lakini usimweke mtu pembeni mwa fremu yake, atanyooka uso. Kwa simu tumia lenzi kuu, si ile pana sana, kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo njia bora ni kupiga kwa kupitia milango. Weka kamera kiwandani, tazama kupitia upinde wa msana wa tini, hadi msana wa yuu, hadi mlango wa ndani, na mtu akae mahali pamoja tu katika mfuatano huo. Kwa namna hiyo picha moja itabeba ngazi nne za mwanga. Pima mwanga kwa uso wa mtu, si kwa kiwanda, na ukubali kwamba sehemu iliyo karibu nawe itapauka.

Kamera iwe sawa kabisa, isiinamishwe juu wala chini, la sivyo milango itaonekana inaanguka na boriti zitaparamiana. Ikiwa unataka dari zaidi, pandisha kamera yenyewe. Mtu akiwa ameketi mkekani, shusha kamera hadi usawa wa kifua chake. Kumpiga mzee aliyeketi chini ukiwa umesimama juu yake ni utovu wa adabu, na picha itauonyesha. Tumia tripodi, uivalishe vitambaa miguuni, na ufyatue kwa saa ya sekunde mbili ili mkono usiitikise.

Hatua ya tano: vitu, watu na zidaka

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kitu kisichowahi kuwa cha nyumba hiyo kisiingie kwenye picha. Kiti cha enzi kilichoazimwa kutoka hotelini kinapendeza, lakini nyumba isiyowahi kuwa nacho inasemewa uongo. Ikiwa kilichobaki ni mrashi mmoja, chetezo na kawa iliyofumuka, basi hivyo ndivyo vitu vyako, na uchache wao ni sehemu ya habari. Ukitaka kuona jinsi vyumba vilivyopangwa zamani, tembelea nyumba ya makumbusho ya Kiswahili mjini Lamu, uangalie, kisha urudi kwenu bila kuiga.

Zidaka zinahitaji uangalifu wa peke yake. Hizo ni safu za vishubaka vilivyokatwa kwenye lipu ya chokaa ukutani mwa chumba cha ndani, na humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure pamoja na misahafu. Ukizipiga kwa mwanga unaotoka mbele zitaonekana kama karatasi yenye miraba. Subiri mwanga utoke ubavuni, kutoka mlango wa msana, ili kila kishubaka kipate kivuli upande mmoja na ukingo mweupe upande wa pili. Simama sambamba na ukuta, tumia f/8, na uache vishubaka vingi vitupu. Katika nyumba yetu kishubaka kimoja kina alama ya duara hafifu, mahali kombe lilipokaa miaka mingi likazuia vumbi na moshi. Alama kama hiyo ipigwe kwa karibu, bila kuwekewa chombo kipya juu yake.

Moshi wa udi unaopita kwenye mwale wa jua hupigwa vizuri ukiwa na giza nyuma yake na mwanga unaotoka nyuma au ubavuni. Weka chetezo mpakani mwa kiwanda na msana, funga milango ya upepo kwa muda mfupi, na utumie kasi ya 1/125 ukitaka nyuzi za moshi zionekane, au 1/4 ukitaka ziwe ukungu. Ikiwa msala utaonekana kwenye picha, utandazwe kuelekea kaskazini, maana Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Lamu, na mtazamaji wa pwani atalijua kosa hilo mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo angalia miguu ya anayelala imeelekea wapi.

Watu wavae walivyozoea kuvaa wakiwa nyumbani, au walivyokuwa wakivaa katika shughuli mnayoikumbuka. Leso iliyochaguliwa na bibi mwenyewe ina jina lake na habari yake. Ile uliyoichagua wewe kwa rangi haina. Wape kitendo cha kweli, mchele wa kuchagua au ukili wa kusuka, wakifanye mpaka wasahau kamera. Asiyetaka uso wake uonekane anaweza kupigwa mikono, mgongo au kivuli kwenye pazia, na picha haitapungukiwa na chochote.

Marehemu pia wana nafasi. Ukiiacha kamera kwenye tripodi bila kuigusa, ukapiga chumba kikiwa na mtu na kisha kikiwa kitupu, picha mbili zikatundikwa pamoja, pengo litaonekana lenyewe. Au mwombe kijana wa nyumba apite polepole chumbani huku shata ikiwa wazi kwa sekunde mbili, naye atabaki kama kivuli kinachopita. Mbinu za namna hii si ngeni kwetu: Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio hapo Lamu, aliunganisha picha na kuzikata kwa ubunifu mkubwa kuanzia miaka ya 1960, na anayejifunza kazi hii anapaswa kumtazama yeye kabla ya kutazama mbali.

Hatua ya sita: kuilinda chokaa

Usibandike gundi wala kupigilia msumari. Lipu ya chokaa iliyozeeka imekwishaachana na jiwe mahali pengi, na kipande cha utepe kikibanduliwa huondoka na nakshi iliyodumu tangu karne ya 18. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole: pakilia kama tupu, watu wasiegemee hapo. Usining’inize kitu chochote kwenye boriti, usiburute kasha sakafuni, na usiwashe kandili la mafuta karibu na zidaka, kwa sababu masizi hayatoki kwenye chokaa. Taa ndogo ya betri ndani ya chemni ya zamani inatosha. Kwenye ghorofa ya juu wapunguze watu wawe wale tu wanaohitajika kwa picha hiyo. Na ukipanda juu ya dari kupiga kiwanda chenu kutoka juu, geuza kamera mbali na viwanda vya majirani, kwa maana kutoka hapo faragha yao yote iko wazi.

Kamera nayo ilindwe. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ibaki ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi, vinginevyo lenzi itashika ukungu. Na jioni ifutwe kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa hewa ya hapa ina chumvi.

Hatua ya saba: siku yenyewe na kazi ya baadaye

Anza na picha zisizo na watu, ili nyumba ikuzoee nawe uizoee. Saa tano ingia misanani na wazee, ambao wapigwe kwanza kabla hawajachoka. Adhuhuri simamisha kazi kwa sala na chakula. Baada ya hapo piga ndani, mahali ambapo tripodi inafanya kazi kubwa na haraka haisaidii, na umalizie dakani wakati wa alasiri, mtaa unapoanza kuamka tena.

Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera, katika sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo. Unaporekebisha, usiifanye chokaa kuwa nyeupe ya buluu. Chokaa halisi ina ujoto kidogo, na madoa yake ya unyevu yabaki. Andika kwa kila picha jina la chumba kama linavyotamkwa nyumbani, mwaka, na maneno ya mzee aliyekusimulia, kwa lafudhi yake.

Chapa nakala kwenye karatasi isiyong’aa, kwa sababu katika vyumba vyenye mlango mmoja wa mwanga karatasi inayong’aa huonyesha mlango badala ya picha. Nakala za kwanza wapewe waliopigwa na wale warithi walioko mbali. Zile zitakazobaki nyumbani zisitundikwe zikiwa zimeshikana na ukuta: chokaa ya pwani hupumua unyevu na chumvi, na picha iliyogusana nayo huota ukungu kwa nyuma. Zitie vipande vya kizibo kwenye pembe za fremu ili hewa ipite, na uzisimamishe juu ya kasha au kwenye rafu badala ya kutoboa lipu.